Msiniletee jiwe la msingi, nileteeni daftari

Kila mwaka lazima nipigiwe simu na kamati za jubilei, mwaka huu tayari mbili, moja hapahapa Tabora na nyingine Ujiji, na zote zinataka kitu kilekile: "mwalimu tuandikie historia ya kanisa letu, kurasa kumi zinatosha." Ukiuliza mna nini mkononi, unaletewa picha ya padri mzungu mwenye ndevu, mwaka wa jiwe la msingi na orodha ya maparoko. Basi. Utadhani matofali yalitembea yenyewe mpaka pale.

Mimi kazi yangu ni nyaraka, kwa hiyo nikifika naomba kwanza daftari la ubatizo, lile kongwe kabisa, hata kama mchwa wamelitafuna pembeni. Kuna moja nililifungua mwaka juzi: mpaka 1915 limejaa vizuri tu, jina, baba, kijiji, msimamizi. Ukiingia 1916 watoto wanaendelea lakini wanaume wazima wanakuwa wa kuhesabu, halafu pembeni ya majina matatu mtu kaongeza kwa wino mwingine neno la Kilatini, obiit, yaani kafa, bila kusema wapi. Katibu wa kamati akaniambia hayo mambo ya watu tuyaache, sisi tunataka historia ya kanisa. Nikamwambia bwana wee, ndo hiyo unayoiangalia.

Maana 19 Septemba 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani, wamisionari wa Kiingereza waliokuwa wamewekwa kizuizini hapa mjini wakaachiwa, na hicho ndicho kinachoandikwa kwenye vijitabu vyote. Kinachorukwa ni wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya majeshi. Wabelgiji peke yao inakadiriwa walitumia kama 260,000, Waingereza karibu milioni nzima. Kwanini wengi hivyo? Piga hesabu ya unga: mtu anabeba kama kilo 25, anakula karibu kilo moja kwa siku, sasa mpeleke mwendo wa siku kumi na umrudishe, kilo 20 kashazila mwenyewe, askari kule mbele anapata tano. Reli ilishafika Kigoma tangu 1914 lakini Wajerumani walivyokuwa wanarudi nyuma walilipua madaraja, na porini hakuna reli, kwa hiyo ni kichwa na bega. Na waliokufa, wengi hawakufa kwa risasi, ni kuhara, malaria, nimonia na njaa.

Na dini haikukaa pembeni ikiangalia. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikusanya wapagazi mwaka 1916, akapewa umeja, akatembea nao bara yeye mwenyewe. Kule Kikuyu, Kenya, 1917 Daktari Arthur wa misheni ya Kiskoti akaongoza vijana wa misheni wajiandikishe kama kikosi chao, maana wasingefanya hivyo wangezolewa tu na ile kamatakamata ya kutafuta wapagazi kwa nguvu. Sasa hapo unaandikaje historia ya kanisa kivyake na ya wapagazi kivyake?

Misikiti haina daftari la ubatizo, huko nategemea karatasi za wakfu na wazee wanaojua babu gani alikwenda na hakurudi. Mzee mmoja alinitolea kwenye kitambaa sarafu ya Wajerumani, heler 20 ya 1916 yenye herufi T, ya Tabora hiyo, zilipigwa Lulanguru kwenye karakana ya reli wakati pesa kutoka Ulaya haifiki tena. Shaba imechakaa mpaka inateleza kama sabuni. Nayo karakana ile kwangu ni kikosi cha msaada kama vile vya wapagazi, ila nani anajua jina hata la fundi mmoja.

Hata ile Sanamu ya Askari ya Dar, ya 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini juu pale kasimama askari na bunduki yake, mwenye mzigo hayupo. Kidogo Kariakoo, jina limetoka kwenye kikosi chao, Carrier Corps, na wanaoenda kununua vitenge hawana habari.

Ujiji naenda wiki ijayo kwa treni. Nimewaomba jamani hilo daftari msilianike juani wala msilifute vumbi kwa kitambaa kibichi. La mwisho nililoletewa mtu alikuwa amelipiga pasi.