Eti uinjinia ni kukariri fomula tu?

Kuna kauli inazunguka sana hapa Arusha hasa kwa wazazi wenye watoto form four, eti mtoto mbunifu mpeleke sanaa, uinjinia waachie wale wanaokariri fomula. Jamani si kweli na inatupotezea watoto. Fomula itakwambia bomba linapitisha maji kiasi gani, ila uweke bomba au uvune mvua hiyo haikwambii, hapo inabidi uwaze mwenyewe.

Angalia floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji na yakizidi yanaharibu meno. Maji sehemu nyingi za huku yanapita ile miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), ndo maana kata ya Maji ya Chai unakuta watu wana meno ya kahawia, na kuchemsha hakusaidii kabisa, maji yanapungua floraidi inabaki palepale. Sasa pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamefanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe, yani mifupa tunayotupa, kwa sababu madini ya kwenye mfupa yanaishika floraidi. Mtu kuona dawa ya maji kwenye mfupa, huo si ubunifu?

Ila na nyie mnaosema ukiwa mbunifu hesabu za nini, hapana. Mifupa ikiiva nusu maji yananuka, moto ukizidi mkaa unapoteza uwezo wa kushika floraidi. Halafu mkaa ukishachoka huwezi kujua kwa kuonja maana floraidi kwenye maji haina rangi wala harufu, lazima upime.

Wengine wanadhani ubunifu lazima uwe kitu ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Dk. Askwar Hilonga wa pale chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha alishinda Africa Prize, tuzo ya ubunifu wa uinjinia ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mwaka 2015 kwa chujio lake la Nanofilter, na kuchuja maji kwa mchanga ni mambo ya kale, yeye akaongeza nanoteknolojia, yani teknolojia ya chembe ndogo mno, na chujio linarekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika.

Na hii ya kusema uinjinia umeletwa na wakoloni ndo inaniuma zaidi. Mifongo ya Wachagga, yani mifereji ya kupeleka maji mashambani, ilikuwepo kabla yao, imechongwa kufuata mlima, mteremko ukiwa mkali maji yanakula udongo, ukilala sana tope linajaa, na wazee waliupatia bila kifaa cha kisasa hata kimoja. Anayebisha apande Marangu akaone.