Kabla ya Kipupwe, Acha Asali Mzingani

Kila mwaka kuanzia katikati ya Juni, simu za kitengo chetu cha ufugaji nyuki huanza kuita kwa malalamiko yaleyale: nyuki wamehama. Mmoja anasema wameibiwa, mwingine anamtaja jirani. Safari hii malalamiko yameanza mapema, kipupwe hakijakaza bado. Ndiyo maana tunaandika sasa, wakati wafugaji wa Mufindi, Njombe na Makete wana nafasi ya kurekebisha mambo.

Niseme wazi: mara nyingi nyuki hao hawakuibiwa. Walirinwa asali yote mwezi Mei, wakabaki na masega matupu, wakavumilia wiki chache, wakaondoka. Nyuki wa Ulaya amezoea kujikunyata juu ya akiba yake hadi theluji iyeyuke. Wa kwetu akiona njaa anahama, tena kwa mpango. Malkia hupunguza kutaga, majana (watoto wa nyuki) ya mwisho husubiriwa yakomae, asali iliyobaki huliwa yote, kisha siku moja yenye jua kundi zima hutoka. Ukifungua mzinga ukakuta masega safi, hayana majana, hayana asali, na hakuna maiti za nyuki sakafuni, hapo hapakupita mwizi.

Wasiowahi kuhama hufa. Julai moja mzee mmoja wa Mufindi aliniita: "Mwanangu, njoo uone, wamewekewa sumu." Tulifika kwenye manzuki yake, yaani mahali anapoweka mizinga, saa tatu asubuhi, ukungu bado umelala bondeni. Tukainua mfuniko. Konzi mbili hivi za nyuki zilikuwa zimekufa katikati ya masega, vichwa vimezama ndani ya vijumba, nje inaonekana mikia tu. Nyuki aliyekufa kwa sumu humkuti hivyo. Huyo hufia mlangoni na chini ya mzinga, na mara nyingi ulimi umetoka nje. Anayekufa kichwa kikiwa ndani ya kijumba amekufa akilamba tone la mwisho. Nikamuuliza mzee alirina lini. "Mei. Ndoo moja na nusu. Sikubakiza kitu." Hakuongeza neno, nami sikuona haja.

Jibu tunalopewa kila tunapogusa jambo hili ni kwamba huku kwetu ni kijani mwaka mzima, nyuki wajitafutie. Tafadhali, ndugu zangu, tuiache kauli hii. Mpaina hauna mbochi, ule utamu wa ua ambao nyuki hugeuza kuwa asali. Chavua yake hubebwa na upepo, na mti huo hauhitaji nyuki. Chai inayochumwa kila mara haipati nafasi ya kuchanua. Mahindi yalitoa chavua tu, nayo yamekwisha kukauka. Mlingoti (mkaratusi) ndio wenye msaada, ila huchanua kwa wakati wake, si kwa wakati wa njaa yako. Kuna shamba la mipaina ambalo macho yako yanaliona kama msitu na nyuki wako analiona kama jangwa. Hata ua likiwepo, joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi nyuki hawezi kuruka kulifuata. Asubuhi za Juni na Julai za Njombe mnazijua wenyewe.

Baridi yenyewe huongeza ulaji. Joto likiteremka chini ya nyuzi 14 hivi, nyuki hukusanyika fungu moja na kutikisa misuli ya mabawa bila kuruka ili wapate joto. Palipo na majana, katikati ya fungu hilo lazima pawe na nyuzi 34 au 35. Kuni za moto huo ni asali. Uingereza mfugaji huliachia kundi kilo 18 hadi 20 kuingia majira ya baridi. Kipupwe chetu hakidai kiasi hicho, lakini kinadai. Kwa mzinga wa viunzi (fremu za kubebea masega) tunashauri ubakize viunzi vinne vilivyojaa asali, viwili kila upande wa majana. Kiunzi kikubwa kilichojaa kina kilo mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo tunazungumzia kilo 10 na zaidi kidogo. Kwa mzinga wa gogo, rina upande mmoja tu.

Aliyekwisha kurina yote itabidi alishe. Sukari iwe nyeupe, kilo mbili kwa lita moja ya maji ya moto yaliyoepuliwa. Usiichemshe sukari yenyewe, usitie ndimu. Sukari guru hapana kabisa, hata kama ni rahisi kupatikana: ina madini mengi ambayo utumbo wa nyuki hauyawezi, na nyuki aliyefungiwa na baridi akiharisha ataharishia ndani. Asali ya kununua sokoni nayo usiwape. Inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kuoza majana, ambavyo hudumu zaidi ya miaka 40. Weka chakula ndani ya mzinga, jioni, kwenye chupa yenye matundu madogo iliyopinduliwa juu ya masega, au sinia lenye vijiti vya kusimamia wasizame. Ukiweka sahani wazi uwanjani umeita vita, na kundi dhaifu ndilo litakaloporwa. Fanya haya kabla baridi haijakaza, maana nyuki hawafuati maji ya sukari yaliyopoa kwa baridi. Ukichelewa, kanda sukari ya unga na asali yako mwenyewe iwe donge gumu, uliweke juu kabisa ya fungu la nyuki.

Hapa ndipo ninapoomba umakini zaidi, kwa kuwa ndipo watu wanapoumia. Chakula cha sukari ni cha kuokoa kundi, hakirinwi. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, hakiruhusu sukari ya mezani kuzidi gramu 5 katika kila gramu 100 za asali ya kawaida, na maji yasizidi gramu 20. Wapo wanaoamini kwamba nyuki akishaichakata sukari haijulikani tena. Inajulikana. Muwa hujenga sukari yake kwa njia tofauti na mimea mingi yenye mbochi, na tofauti hiyo hubaki kwenye kaboni hata baada ya kupita tumboni mwa nyuki. Maabara huipima. Sampuli ikichukuliwa hufungwa kwa lakiri mbele yako, huandikwa namba ya mzigo na tarehe, unatia sahihi, na sehemu yake huhifadhiwa ili kama kuna ubishi ipimwe upya. Kwa kikundi kinachochanganya asali kwenye pipa moja, mzigo ni mmoja: ndoo moja ya mwanachama mmoja ikiharibu, pipa lote linakataliwa, na wanachama wasiolisha hata kijiko hawalipwi.

Kwa hiyo andika. Namba ya mzinga, tarehe, kilo za sukari. Ondoa masanduku ya juu ya asali kabla ya kulisha, tia alama ya rangi kwenye masega yaliyokuwemo wakati huo, na acha kulisha mara maua yanapoanza. Masega yenye alama ni ya nyuki, hayaingii kwenye ndoo. Tunapokagua huanza na daftari hilo, na asiye nalo hatuwezi kumtetea kwa mnunuzi hata tukitaka.

Mengine ni mafupi. Punguza mlango ubaki upana wa vidole viwili. Inamisha mzinga kidogo kuelekea mlangoni, maji ya mvuke yatoke. Masega matupu yasibaki ndani, nondo wa nta wanayangoja. Paka grisi kwenye waya za kuning'inizia, kwa ajili ya siafu. Wenye mizinga ndani ya mashamba ya miti, nyasi zimekauka: bomba la moshi la kutulizia nyuki lizimwe kwa maji na majivu yafukiwe kabla hujaondoka, kwani moto wa uzembe msituni ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Kila baada ya wiki mbili pita jioni, usifungue, inua tu mzinga kwa nyuma. Wenye akiba utakulemea. Ukiinuka kwa vidole viwili, walishe jioni hiyohiyo.