Kwa nini wanaopima uhusiano wa mtoto na mlezi husubiri mama arudi?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mama akimwachia jirani mtoto wa mwaka mmoja ili akanunue dagaa, mtoto akapiga kelele, watu husema: huyu kampenda mama yake kwelikweli. Kwa mwanasaikolojia kilio hicho peke yake hakitoshi. Mtoto anayejiona salama kabisa kwa mama huweza kulia anapoachwa, au asilie.

Mary Ainsworth alianza uchunguzi wake ng'ambo ya ziwa hilihili, vijijini karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 majumbani. Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, yeye na wenzake walitunga jaribio la dakika kama 20 kwa watoto wa miezi 12 hivi hadi 18. Ni chumba kigeni chenye viti na midoli, na vipindi 8; cha kwanza kifupi, vingine dakika 3 kila kimoja. Mgeni huingia, mama hutoka, hurudi, kisha hutoka tena na mtoto hubaki peke yake. Mgeni hutangulia kurudi, mama humalizia. Kilio kikizidi, kipindi hukatizwa.

Alama, 1 hadi 7, hutolewa hasa mama anaporudi: mtoto anamfuata? Anamng'ang'ania? Anamkwepa? Anampinga? Mwenye uhusiano salama humfuata, akabembelezwa, akarudi kwenye midoli. Anayevutana hutaka kubebwa, kisha hupiga mateke. Anayekwepa humpa mama kisogo, na huyu ndiye huwadanganya wengi: anaonekana jasiri, kumbe alipopimwa mapigo ya moyo yalikutwa juu. Aina ya nne, ya mtoto anayeganda au kumwendea mama huku uso kageuzia kando, iliongezwa baadaye na Mary Main na Judith Solomon.

Kasoro ni kwamba jaribio hutaka hofu kidogo tu. Sapporo, Japani, watoto wasiozoea kuachwa walilia mno, wengi kuliko kawaida wakahesabiwa kuwa wanavutana. Mtoto wa Mwanza ashindaye mgongoni ndani ya kanga anaweza kupimwa vibaya vivyo hivyo. Tena kinachopimwa ni uhusiano na mtu mmoja. Kwa bibi yake jibu laweza kuwa jingine.

Kwa mtoto kama huyo, afadhali kumtazama nyumbani kwa saa kadhaa, kisha kupanga kadi 90 zenye maelezo ya tabia katika mafungu 9 ya kadi 10, kuanzia zisizofanana naye kabisa hadi zinazofanana naye zaidi.