Tahadhari ya maafa huifikiaje simu ambayo namba yake haijulikani?

Wengi Unguja na Pemba huamini kwamba mtu hawezi kutahadharishwa kwa simu kuhusu kimbunga au mafuriko mpaka namba yake iwe kwenye orodha ya Serikali, na kwamba usajili wa laini kwa alama za vidole ndio uliorahisisha jambo hilo. Sivyo. Ipo njia ya kuzifikia simu zote za eneo moja bila kujua namba hata moja, na ni ya haraka kuliko ujumbe mfupi wa kawaida.

Ujumbe wa kawaida hupelekwa kwa simu moja moja. Mtandao huitafuta simu iko upande gani, huiita, huitengea nafasi, huikabidhi ujumbe, kisha husubiri jibu kwamba umepokelewa; ukimaliza, huanza upya kwa simu nyingine. Kwa hiyo ujumbe mmoja kwa watu 100,000 ni kazi 100,000, na ndiyo maana salamu za usiku wa kuamkia Idi huweza kufika kwa kuchelewa. Siku ya maafa msongamano huo huongezeka, kwa kuwa kila mtu anawapigia jamaa zake wakati huo huo. Tena orodha ya usajili ingekosea watu: laini iliyosajiliwa Chake Chake huenda leo iko Darajani, na mgeni aliyeko Nungwi na laini ya kwao asingekuwamo kabisa.

Njia ya pili ni tangazo la mnara wa simu, na mfano wake ni mwadhini. Mwadhini hapigi hodi nyumba kwa nyumba wala hahitaji majina ya majirani. Huadhini mara moja, na kila aliye karibu husikia, awe mmoja au elfu. Mpita njia husikia sawa na mwenyeji, na wingi wa wasikilizaji hauipunguzi sauti. Vivyo hivyo, mnara hurusha tangazo katika mkondo maalumu ambao simu zote zilizo chini yake huusikiliza, na hulirudia kila baada ya muda ili anayewasha simu baadaye alikute. Simu hutambua namba ya tangazo, hivyo haimwonyeshi mwenyewe jambo lile lile mara mbili. Kwa kawaida tangazo huambatana na mlio wake wa pekee. Japani ilianza kuitumia njia hii kwa tahadhari mwaka 2007, na Uholanzi mwaka 2012.

Hata hivyo, mawimbi ya redio hayafuati mipaka ya shehia, na simu iliyozimwa haisikii kitu. Mnara nao unahitaji umeme, jambo zito kwa kisiwa cha Unguja, ambacho kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa waya wa baharini. Redio ya betri ingali na kazi kubwa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwezi Mei 2024, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilitolewa mapema, na safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasitishwa. Tarehe 26 Disemba 2004 mambo yalikuwa tofauti: mawimbi ya tsunami kutoka Sumatra yalichukua saa kadhaa kufika pwani yetu, muda uliotosha kuwaondoa watu ufukweni, na bado watu walikufa Tanzania Bara kwa kukosa habari.

Liko jambo moja ambalo tangazo la mnara haliwezi kulifanya. Kwa kuwa simu hazijibu, mtumaji hajui nani amelipata na nani amelikosa. Mzee asiye na simu na mvuvi wa Kojani aliyekwisha kuingia baharini hawaonekani popote katika mfumo, kwa hiyo sheha na watu wake bado wanapaswa kupita mitaani na kwenye madiko kuuliza nani hajarudi.