Kulima juu ya makoro: klabu ya kilimo katika staji yangu ya ualimu

Shule niliyofanyia staji, yaani mazoezi ya kufundisha, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, haina udongo. Imejengwa juu ya lava iliyoshuka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, lava ileile iliyopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuendelea mpaka ndani ya Ziwa Kivu. Mawe yake meusi, ambayo sisi huyaita makoro, ndiyo uwanja wa kuchezea, ndiyo ukuta wa shule, ndiyo njia ya kuendea darasani. Kwa hiyo Prefe, yaani mkuu wa shule, aliponipangia, mimi mwanafunzi wa biolojia na kemia, nimsaidie mwalimu msimamizi wangu kuongoza klabu ya kilimo kila Jumatano baada ya masomo, swali letu la kwanza halikuwa tupande nini, bali tupande wapi.

Lilikuwapo pia swali jingine lililonisumbua zaidi ya hilo. Katika shule zetu nyingi jembe limekuwa chombo cha adhabu: anayechelewa hupelekwa kung'oa majani, na darasa likipiga kelele hupewa salongo, yaani kazi ya mikono ya lazima. Kijana aliyekulia katika desturi hiyo, ukimwalika kwenye klabu ya kilimo, hujiuliza amekosa nini. Tulikubaliana na mwalimu msimamizi juu ya masharti mawili, ambayo nayashikilia hata leo: hakuna mwanafunzi atakayeletwa klabuni kwa sababu ya kosa, na kila mwanachama atakuwa na daftari na rula kabla hajashika koleo. Sharti la pili ndilo lililobadilisha mambo, kwa sababu mtu anayepima kitu kila wiki huanza kukijali.

Wanafunzi wengi waliamini kwamba makoro ni mawe yaliyokufa. Kuwaonyesha kwamba sivyo kulichukua vipindi ambavyo navithamini kuliko vyote vya staji yangu. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ile dutu inayoifanya lava kuwa nzito, na ndiyo maana hutiririka upesi. Lakini ndani yake kuna potasiamu, kalisi na fosforasi, ambavyo mimea huvihitaji. Udongo wa zamani wa volkano, kama ule wa Kibumba na wa Rutshuru, ndio unaoulisha mji wetu maharage, karoti na kabichi. Lava changa hukosa mboji na hukosa azoti, ile ambayo majirani zetu wa mashariki huiita naitrojeni. Azoti haitoki katika jiwe. Iko hewani, karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta, ila mmea hauwezi kuitumia hivyo ilivyo mpaka bakteria waikamate kwanza na kuigeuza.

Maelezo hayo yote ningeweza kuyaandika ubaoni kwa dakika kumi, na wanafunzi wangeyanakili na kuyasahau. Badala yake tulichukua ndoo tatu kuukuu, tukazitoboa chini. Ya kwanza tuliijaza kokoto za makoro zilizopondwa. Ya pili tuliijaza kokoto hizohizo, tukachanganya na konzi moja ya udongo kutoka shamba la Kibumba linalopandwa maharage kila mwaka. Ya tatu tuliijaza udongo mtupu wa shamba hilo. Tukapanda maharage ya aina moja katika zote, tukayamwagilia kwa kikombe kimoja, tukaandika kimo na rangi ya majani kila Jumatano.

Wiki mbili za kwanza hazikuonyesha tofauti kubwa, kwa sababu mche mchanga bado hula akiba iliyo ndani ya mbegu, na baadhi ya wanafunzi walianza kuchoka. Wiki ya nne majani ya chini katika ndoo ya kwanza yaligeuka manjano. Ndoo ya pili ilikuwa nyuma ya ile ya tatu kwa kimo, lakini majani yake machanga yalikuwa ya kijani. Wiki ya tano tuling'oa mche mmoja kutoka kila ndoo, tukaisuuza mizizi taratibu katika beseni la maji. Mizizi ya ndoo ya kwanza ilikuwa mirefu, myeupe, bila kitu chochote juu yake. Ya ndoo ya pili ilikuwa na vinundu vidogo, baadhi vikiwa na ukubwa wa punje ya mtama. Nilikata kimoja kwa wembe, nikakiweka juu ya karatasi nyeupe: ndani kilikuwa na rangi ya waridi iliyokolea, kama nyama mbichi. Niliwaeleza kwamba rangi hiyo hutokana na dutu inayofanana na ile inayoipa damu yetu wekundu, ambayo huishika oksijeni ili isivuruge kazi ya bakteria, na kwamba kinundu kikikatwa na kuonekana cha kijivu au cha kijani, bakteria waliomo hawafanyi kazi. Nikaongeza kwamba haragwe huwalipa bakteria hao kwa sukari. Msichana mmoja akainua kichwa kutoka kwenye beseni, akasema, “Mwalimu, kumbe haragwe linafuga!”

Sikuwa nimesoma maelezo bora kuliko hayo katika kitabu chochote cha didaktiki, yaani mbinu za kufundisha, na tangu siku ile ndivyo ninavyolifundisha somo hilo. Hapa naongeza neno kwa wenzangu walimu-wanafunzi. Fishi ya maandalizi, yaani karatasi ya mpango wa somo, hudai lengo litimie ndani ya kipindi kimoja, na kinundu kimoja cha haragwe kilituchukua wiki tano. Klabu ndiyo mahali pekee shuleni ambapo nilipewa muda ambao mmea wenyewe unauhitaji, na kwa sababu hiyo, wiki zangu za staji zilipomalizika, niliomba kubaki na klabu mpaka mwisho wa mwaka wa masomo.

Lundo letu la kwanza la mboji liliharibika, na kosa lilikuwa langu. Niliwaomba wanafunzi walete mabaki ya jikoni, wakaleta kwa wingi: maganda ya ndizi na ya viazi, majani ya kabichi kutoka sokoni, vikonyo vya lengalenga, yaani mchicha. Tukayalundika na kuyafunika kwa plastiki. Baada ya siku kumi harufu ilifika madarasani, na walimu wenzangu walilalamika kwa haki. Mabaki mabichi yamejaa maji na azoti. Yasipochanganywa na vitu vikavu vyenye kaboni, hewa haipiti kati yake, na bakteria wasiohitaji hewa ndio wanaotawala. Uwiano unaofaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya azoti, lakini kwa kuwa hakuna anayeweza kuipima kaboni kwa macho, tulitumia kipimo cha ndoo: moja ya mabichi, mbili za makavu, yaani mabua ya mahindi, nyasi kavu na vumbi kidogo la mbao ambalo seremala wa jirani alitupa bure na kijana mmoja akalisafirisha kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Chini tulitandaza majani ya migomba na tabaka la udongo, kwa kuwa hapa kwetu maji hayatuami. Nyufa za lava huyameza pamoja na rutuba iliyoyeyuka ndani yake. Tulilipandisha lundo mpaka kimo cha mita moja, maana lundo dogo halishiki joto.

Siku ya tano tulichomeka fimbo mpaka katikati, tukasubiri kidogo, tukaichomoa. Kijana aliyeishika ncha yake kwanza aliiachia papo hapo, kisha wote wakapanga foleni ili nao waishike. Joto hilo likifika nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, huua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa.

Mboji ilipoiva tuliiweka katika magunia ya kilo 50. Mkebe mkubwa uliotolewa kitako husimamishwa katikati ya gunia, hujazwa kokoto za makoro, na udongo uliochanganywa na mboji humwagwa kuuzunguka. Kisha mkebe huvutwa juu kidogo na kujazwa tena, mpaka nguzo ya kokoto ifike mdomoni mwa gunia. Maji yakimwagwa juu ya nguzo hiyo husambaa mpaka chini, na miche iliyopandwa katika matundu ya ubavuni haikauki. Tulipanda lengalenga juu na kabichi ubavuni. Maji yenyewe tuliyakinga kutoka kwenye mabati: paa la mita 8 kwa 6 likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 480, yaani bidoni 24 za lita 20, na hesabu hiyo wanafunzi waliifanya wenyewe kabla hatujanunua hata kipande cha mfereji.

Kikwazo ambacho sikukifikiria mapema ni vakansi, yaani likizo ndefu. Mvua zetu huenda vizuri na mwaka wa shule, kwa kuwa msimu mmoja huanza Septemba na mwingine huendelea mpaka Mei; kiangazi ndicho kinachoangukia miezi ambayo shule imefungwa. Tuliacha baadhi ya lengalenga zitoe maua, tukakung'uta mbegu juu ya gazeti, na kila mwanachama akaenda nyumbani na bahasha ya mbegu na ndoo moja ya udongo wetu. Yalibaki magunia manne. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na lango alitusikia tukijadiliana, akasema, “Mwalimu, mimi nitayamwagilia, lakini mboga nitachuma.” Mwalimu msimamizi aliyaandika makubaliano hayo katika daftari la klabu, pamoja na tarehe na sahihi ya Mama, chini ya vipimo vya mwisho vya kimo.