Je, wajua kwa nini daktari alimkataza mgonjwa wake kushika kalamu maisha yake yote?

Mwaka 1887, mama mmoja wa miaka 26 alikwenda kutibiwa Philadelphia, Marekani, kwa daktari bingwa wa neva. Baadaye dunia ilimjua kama Charlotte Perkins Gilman. Binti yake alizaliwa mwaka 1885, na tangu hapo hali ya mama huyo ilizidi kuwa mbaya: akimpakata mtoto, badala ya furaha yalimtoka machozi. Leo wengi wangeitambua kuwa sonona ya baada ya kujifungua.

Daktari Silas Weir Mitchell alisifika kwa tiba ya mapumziko. Mwanamke alilazwa wiki sita hadi nane, akanyweshwa maziwa kwa wingi, akakandwa mwili, misuli ikapitishiwa umeme. Mara nyingi hata chakula alilishwa na muuguzi. Kusoma, kuandika na kuonana na ndugu vilikuwa marufuku. Gilman alikaa huko kama mwezi mmoja, kisha akarudishwa kwake na masharti: ajishughulishe na mambo ya nyumbani kadiri awezavyo, asitumie akili zaidi ya saa mbili kwa siku, na asiguse tena kalamu, brashi wala penseli.

Kwa nini kalamu? Madaktari wengi wa enzi hizo waliamini kuwa mwanamke ana akiba ndogo ya nguvu, na akiitumia kwenye vitabu ataharibu uzazi na akili yake. Wanaume waliochoka neva, Mitchell huyohuyo aliwashauri waende porini wakalale kambini na kupanda farasi. Mimi hapo siioni tiba. Naona mke anarudishwa mahali jamii ilipotaka akae, kwa cheti cha daktari.

Gilman alitii kwa miezi mitatu hivi, akakaribia kurukwa na akili. Ndipo akaamua kuandika. Hadithi yake fupi, The Yellow Wallpaper, ilichapishwa mwaka 1892. Ndani yake mke anawekwa katika chumba cha ghorofani kilichokuwa cha watoto: madirisha yana nondo, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni. Mumewe, John, ni daktari, na anamwita majina ya kitoto. Mke anaandika kwa kujificha; akisikia hatua za wifi yake anaficha daftari upesi, kwa sababu wifi naye anaamini kwamba ni kuandika kulikomfanya augue. Akikosa la kufanya, anakodolea macho karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani, hadi anaona mwanamke nyuma ya michoro yake, akiitikisa ili atoke. Mwishoni anaichana, anatambaa chumbani, na mumewe anazimia.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba John hana ukatili. Anampenda mkewe, anambeba mikononi, anamsomea. Ila kila mke anaposema “siponi,” yeye hujibu kwamba anajua zaidi, na huyo mke hana mwingine wa kumwendea, kwani mume ndiye daktari, na kaka wa huyo mke pia ni daktari.

Mwaka 1913 Gilman alieleza kwamba alimpelekea Mitchell nakala, asijibiwe. Wakati huo alikuwa amekwisha kuachana na mumewe wa kwanza na kurudia kazi. Kitabu chake cha mwaka 1898, Women and Economics, kiliuchambua mzizi wenyewe: mke anayemtegemea mume kwa chakula na nguo hana sauti juu ya maisha yake.