Mkojo kwanza, kisu baadaye

Madaktari wachanga wanaotaka kusomea upasuaji hunipigia simu na swali lilelile: "Daktari, nitapasua wagonjwa wangapi?" Nawaambia watapasua hadi wachoke, hilo lisiwasumbue. Kinachonisumbua mimi ni usiku watakapotakiwa wasipasue, au wasipasue kwanza, huku ndugu wa mgonjwa wamejaa mlangoni na sista ameshatandika meza ya vyombo.

Njia yenyewe, hapa Uganda, haina siri. Shahada ya udaktari miaka 5, mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, usajili, kisha wengi wetu hutumwa wilayani tukapigwa na jua kidogo kabla ya kurudi shule. Shahada ya uzamili ya upasuaji, Makerere au Mbarara, ni miaka 3, na ndani yake kuna tasnifu itakayokuibia usingizi kuliko zamu. Njia nyingine ni ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye ofisi zake Arusha. Hicho hakikuiti darasani: unajifunza ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, kila upasuaji unauandika kwenye daftari lako, ulisaidia au ulishika kisu mwenyewe, na kwa upasuaji wa jumla unahesabu miaka 5 hadi mtihani wa mwisho. Wapo wanaofanya zote mbili. Wengi hujilipia karo huku wanakesha wodini. Habari ya posho nitaiandika siku nikiwa na hasira za kutosha.

Mikono ndiyo sehemu rahisi. Fundo nililijifunzia kwenye mguu wa kiti, kwa mkono wa kushoto peke yake, nikisikiliza mpira redioni. Utumbo nilinunua wa mbuzi kwa mchinjaji, ambaye alidhani napenda sana supu. Unaukata, unaunga ncha mbili kwa sindano, halafu unamimina maji ndani na kuangalia. Wa kwanza ulivuja kama ndoo mbovu. Baada ya miezi michache ulikuwa hauvuji, nikaanza kujiona bingwa.

Hapo ndipo nilipoua mtu. Najua neno ni kali, na wenzangu kwenye kikao cha kuchambua vifo walitumia maneno laini zaidi.

Alikuwa kijana, homa wiki tatu, kisha tumbo likakaza ghafla kama ubao. Taifodi ilikuwa imetoboa utumbo mwembamba karibu na mwisho wake, hilo nililijua kabla sijamaliza kumgusa. Nikafurahi, nasema kweli, kwa sababu nilijua cha kufanya: kufungua, kuosha usaha, kuziba tundu. Mtu wa nusukaputi, mzee aliyekuwa kazini kabla sijazaliwa, akamvuta kijana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akaniambia, "Daktari, huyu mkavu, hana maji mwilini." Nikamjibu kwamba tundu halizibwi na dripu. Dawa ya usingizi ilipoingia, presha ikaporomoka. Tulimsukuma kifua, akarudi, akaondoka tena. Kisu sikukigusa.

Katika kikao cha vifo nilijiandaa kujibu maswali ya taifodi. Profesa aliuliza moja tu: "Mkojo wake ulikuwa kiasi gani?" Sikuwa nimemwekea hata mpira wa mkojo. Akauliza tena, taratibu, "Ulipeleka mgonjwa thieta, au ulipeleka tumbo?"

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule. Mtu mzima anatakiwa kukojoa walau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Mwenye kilo 60, mililita 30, kama vijiko viwili vya supu. Ukiona kiasi hicho kwenye mfuko, damu inafika kwenye figo, na pengine inafika kwingine. Usipoona, unaongeza maji, unaweka mpira wa puani wa kunyonya tumbo, unampa antibayotiki, unasubiri, unarudi kuangalia. Saa mbili au tatu hivi, nazo ni ndefu kuliko upasuaji. Ila usinishike neno vibaya: aliyepasuka bandama kwa ajali ya bodaboda, tumbo linajaa damu huku unamtazama, huyo hasubiri mkojo. Dripu na damu zinamfuata mezani. Kuwatofautisha hawa wawili saa nane za usiku ndiko tulikokwenda kusomea.

Na mara nyingi anayekutofautishia ni mgonjwa, ukimwelewa. Nililelewa Arua, Kiswahili kikiwa sokoni na kambini, na wenzangu wa Kampala walikuwa wakinitania kwamba hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi. (Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipokiidhinisha kuwa lugha rasmi, niliwapigia simu mmoja mmoja.) Wakati wa mafunzo nikawa ndiye naitwa kila akiingia mkimbizi kutoka Kongo. Mzee mmoja alikuja na tumbo limejaa kama ngoma, siku mbili hajapata choo wala kujamba. "Dokta, tumbo inanisokota," akasema, na mkono wake ukazunguka hewani. Picha ya eksirei ilionyesha utumbo umejikunja mithili ya punje kubwa ya kahawa. Ni utumbo mpana wa chini uliojisokota, ugonjwa tunaouona sana Uganda, hasa kwa wanaume watu wazima. Kama utumbo bado hai, huhitaji kisu usiku huo: unapitisha mpira nyuma, taratibu, upepo unatoka. Simama pembeni. Mimi nilisimama mbele, mara moja tu maishani.

Yule mzee tulikuwa tunamwandalia mpira, nikamuuliza tena anavyojisikia. "Sasa haisokoti. Inawaka." Mwenzangu alisikia nafuu. Mimi nilisikia utumbo unaokufa. Mkono wangu ulipogusa upande wa kushoto akaruka. Tukaweka mpira pembeni, tukampa maji hadi mkojo ukaonekana, tukafungua: utumbo mweusi. Tuliukata, tukamfungulia njia ya choo ubavuni, na wiki ya pili alikuwa analalamikia uji.

Jina kubwa kuliko yote katika upasuaji wa Mulago, hospitali kuu ya Kampala, ni la Denis Burkitt, aliyeonyeshwa mwaka 1957 mtoto aliyevimba taya pande zote. Aliandika habari zake mwaka 1958, na mwaka 1961 akaendesha gari kama kilomita 16,000 akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona uvimbe huo. Saratani ile ina jina lake hadi leo, na inatibiwa kwa dawa. Daktari wa upasuaji, na kisu hakimo.

Juzi simu imelia saa tisa za usiku. Ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, anahema.

"Mkuu, nina tumbo gumu kama ubao. Thieta iko tayari."

"Mkojo?"

Kimya. Nikasikia viatu vyake vikirudi wodini, mlango, sista akiulizwa jambo.

"Mililita kumi, mkuu."

"Ongeza dripu. Natafuta funguo za gari."